Mianya Niliyoiziba

Mjini kwetu Tabora mzee akiunda mashua uani, majirani hawamuulizi ataipeleka wapi. Wanampa pole mwanawe. Mimi nilipewa pole kwa miaka minne. Walinipa pole wateja waliokuja kuchukua vitanda vyao, akanipa muuza mkaa, akanipa hata imamu tulipotoka swala ya Ijumaa, amenishika mkono kwa huruma ya kweli, kama vile natoka kuzika. "Mzee anaendeleaje na ile shughuli yake?" Badala ya kumjibu kwamba mzee ana akili timamu kutuzidi sote, nilicheka naye. Nimekaa kuandika mabaya yangu, siyo mazuri, kwa hiyo hilo liwe la kwanza.

La pili nalisema mapema nisije nikalizungukazunguka: mashua ile niliiua mimi. Haikuuawa na mawimbi, wala haikuuawa na mbao, ingawa kwa miezi kadhaa nilikuwa nawaambia watu kwamba ni mbao.

Baba alizaliwa Ujiji, kando ya ziwa. Ujana wake aliumalizia kwa mjomba wake aliyekuwa akiunda mashua za matanga, kabla hajapanda treni kuja Tabora kufuata kazi ya reli na, nadhani, kumfuata mama. Mababu zake waliipita njia hiyo hiyo kwa miguu, mizigo kichwani. Yeye aliipita kwa behewa la daraja la tatu, akateremka hapa katikati, asiendelee tena. Mji wetu ndivyo ulivyo. Tangu enzi za misafara, wanaoupita wanakwenda kwenye maji, ama ziwani ama pwani, na wanaobaki wanabaki na vumbi. Baba alikaa na vumbi miaka hamsini. Alipostaafu, na mama alipofariki, nilimchukua akae kwangu, chumba cha uani, na mwaka uliofuata akaniomba nafasi pembeni ya karakana yangu.

Akaniomba. Wakati ule neno hilo halikunigusa. Nyumba yangu, ua wangu, karakana yangu; nani mwingine angeombwa?

Mimi ni fundi seremala, fundi wa mninga, na hilo nalisema bila kuona haya. Nenda nyumba yoyote ya heshima kuanzia mjini hadi Nzega, ukikuta kabati ambalo mlango wake unafunga kimya, uliza nani kalitengeneza. Mninga ni mti wa kwetu, na una sifa moja inayotuharibu sisi mafundi wake: ukishakauka hauchezi. Kiangazi kiwe cha kupasua midomo, masika mvua inyeshe wiki nzima, mlango wa mninga utafunga vilevile ulivyofunga siku ulipotundikwa. Kwa hiyo sisi tunaunga mbao kwa mbao hadi wembe usipite. Katika kazi yangu mwanya ni aibu. Mwanya unasema fundi hajui kupima, au amezeeka, au amelewa.

Mashua ya baba haikuwa ya mninga. Siku hizi mninga una vibali na mlolongo wake, na yeye hakuutaka hata huo kidogo niliokuwa nao stoo. Alinunua mtundu, uliopasuliwa porini huko nyuma ya Igalula, mbao ambayo mimi naitumia kuzuia zege likimwagwa. Nilimcheka.

"Baba, hii si mbao. Hii ni kuni iliyonyooshwa."

"Chombo si kabati," alisema, akaendelea kupiga randa.

Aliifanya kazi polepole na kwa usafi. Alianza na mkuku, ule mti mnene wa chini unaobeba mashua nzima. Akapandisha mataruma, mbavu za ndani, moja baada ya nyingine, akizikunja kwa macho tu bila kipimo chochote nilichokijua. Kisha akaanza kupigilia mbao za ubavuni. Mke wangu alikuwa akimpelekea chai huko huko. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba ananibania njia ya kupitisha mbao zangu, na nalalamika kwa sauti, maana mimi ni mtu wa kusema wazi. Ndivyo nilivyokuwa najieleza: mtu wa kusema wazi, hana kinyongo, akishasema yameisha. Yameisha kwangu.

Mwaka wa nne macho yake yakaanza kufunga. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki huenda kisivuke mvua zijazo. Tulitoka pale hospitali tukasimama kivulini kusubiri bajaji. Yeye ndiye aliyesema.

"Nataka nikae kwenye usukani mara moja, nikiwa bado naliona tanga linavyojaa. Mara moja tu. Baada ya hapo mtanishika mkono mnipeleke mnakotaka."

Haja yake yote ilikuwa hiyo. Hakuomba kupelekwa Ujiji, hakuomba kupelekwa popote. Bwawa la Igombe lilimtosha. Ilikuwa Juni, upepo wa kipupwe umeshaanza, na tukakubaliana mashua iingie majini kabla ya Julai kwisha. Dada yangu mdogo, fundi cherehani, anaishi mitaa miwili kutoka kwangu. Alijitolea kushona tanga kwa kitambaa cha marekani, na baba akawa anashinda kwake barazani akimwelekeza wapi apinde na wapi atie kamba. Huko barazani walizungumza mengi, kuliko aliyowahi kuzungumza na mimi.

Vidole vyake vilikuwa bado imara, lakini kazi ndogo zilishamshinda kuziona. Ikabidi anikabidhi mimi umaliziaji: kuchonga mlingoti, kutundika usukani, kutia mabenchi. Nilikubali kwa roho safi. Niliona fahari hata, baba kunipa kazi yake. Mwishoni mwa Juni habari ikaja kwamba dada yake aliyeolewa Lusu anaumwa, akafunga safari ya wiki mbili kwenda kumwona. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono akanizungusha mashua nzima, akigusa kila mahali panapotakiwa kazi. Tulipofika ubavuni alisimama.

"Hapa usiguse. Kuna kazi yake hapa, tutaifanya nikirudi."

Nilitazama alipokuwa amegusa, nikaona kitu kilichonifanya nigeuze uso. Kati ya mbao na mbao kulikuwa na mianya. Siyo mmoja, siyo miwili. Yote, kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili, unaweza kupitisha ncha ya kisu. Nilijiambia: maskini, haoni, na anajua kwamba haoni, anataka arudi ajaribu kuficha. Mianya ile ilikuwa imenyooka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ningetakiwa kufikiri. Mtu asiyeona hakosei kwa usawa namna ile. Lakini nimeshasema, mninga ulishaniharibu.

Siku ya tatu baada ya baba kuondoka, fundi mwenzangu mmoja alikuja kuazima msumeno. Akaizunguka mashua, akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akaupitisha kwenye mwanya.

"Hii mashua au chekecheke?"

Waliokuwepo karakana walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia nilitabasamu kwanza, kisha nikapandwa na hasira, nikamnyang'anya msumeno wangu nikamwambia atafute pengine pa kuazima. Hasira ile nilidhani ni ya kumtetea baba. Ilikuwa ya kuogopa kuchekwa mimi, maana mashua ilikuwa uani kwangu na watu wangesema imetoka kwa fundi fulani.

Niliacha kazi za wateja siku nne. Nilichukua ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, inayokauka ikawa jiwe, nikaikoroga na vumbi laini la mbao, nikaisukuma mwanya baada ya mwanya hadi ikatokeza upande wa pili. Mke wangu alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

"Si alisema usiguse huko?"

"Wewe unajua nini kuhusu mbao?"

Alirudi jikoni. Gundi ilipokauka nilipiga msasa mpaka kiganja kinateleza, kisha vanishi, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wallahi, ilipendeza. Mtundu ule wa kumwagia zege uling'aa kama sinia la shaba. Nikaipiga picha, nikawarushia ndugu wote hadi walioko Dar: "Kazi ya Mzee imekamilika." Wakanimwagia pongezi. Nikaona isiwe taabu, nikaalika watu: imamu aje asome dua, majirani waje, mafundi waje, hasa yule wa ufunguo. Jumamosi, bwawani, na pilau.

Baba alirudi Jumanne mchana akiwa amebeba kiroba cha pamba. Ilikuwa pamba mbichi ya shambani, aliyoifuata hadi Choma kwa watu waliokuwa na mavuno. Nilidhani ni ya kujazia mito. Nilikipokea nikakitupa stoo, nikamvuta mkono kuelekea uani. Majirani walikuwa wamejaa, maana niliwaambia waje wamwone mzee akishangaa.

"Fumba macho, Baba," nilisema. Kwa mtu aliye katika hali yake. Watu wakacheka, naye akafumba.

Nilipomfikisha aliweka kiganja kwenye ncha ya mbele, kisha akakiburuta ubavuni taratibu, hatua kwa hatua, hadi nyuma. Alipofika nyuma alirudi akitumia ukucha wa kidole gumba, akiutafuta ule mwanya. Akazunguka upande wa pili, akafanya vilevile. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nimesimama na kifua changu mbele, nasubiri.

"Ile kazi ya ubavuni nimeshakumalizia," nikasema.

"Nimeona." Mkono wake ulikuwa bado juu ya ubao. "Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Mungu akulipe."

Watu wakapiga makofi. Baba akauliza watu wamealikwa lini, nikamwambia Jumamosi. Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu. Akaomba kitu kimoja tu: mashua ipelekwe Alhamisi, sisi wenyewe, bila wageni. Kwao chombo kipya huachwa majini kinywe kwanza, alisema, hakipandwi na umati. Nikaona ni sawa. Tena ingeniondolea shida ya lori siku ya shughuli.

Alhamisi tulikodi lori na wanaume wanane. Ukuta wa uani tulishaubomoa kipande. Tulifika Igombe saa nne asubuhi, upepo mzuri unavuma kutoka kusini, maji yana mikunjo midogo. Tuliishusha, tukaisukuma, ikaelea. Niliingia ndani nikapapasa sakafu yote, sikuona hata tone. Nilisimama katikati nikaruka kidogo ili aone inavyotulia.

"Unaona, Baba? Kavu!"

"Naona."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba amevaa kanzu yake ya Idi, ile aliyokuwa ameiandaa kwa Jumamosi. Na dada yangu, ambaye sikumwalika kuja siku ile, alikuwa anateremsha kutoka kwenye lori furushi jeupe. Lilikuwa tanga.

"Tungelitia leo," baba alisema. "Upepo upo. Nizunguke kidogo tu, hadi pale kwenye matete, nirudi."

Nakumbuka nilivyocheka. "Aah, Baba! Watu nimewaalika Jumamosi. Tukizindua leo Jumamosi tutaonyesha nini?"

"Jumamosi nitazunguka tena."

"Vanishi yenyewe haijakaa vizuri. Baba, usinivurugie shughuli."

Sikupiga kelele. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nililing'ang'ania sana: sikupiga kelele. Nilisema tu kwa ile sauti yangu. Baba aligeukia maji, upepo unampeperusha kanzu.

"Haya," akasema.

Dada yangu alilirudisha furushi kwenye lori, hakuniaga tulipofika mjini. Nilidhani amechoka na jua.

Jumamosi tuliondoka na magari matatu. Masufuria ya pilau yalikuwa nyuma ya lori, imamu amekaa mbele, baba katikati yetu na kanzu yake ile ile, imepigwa pasi upya. Mvuvi niliyemwachia mashua ailinde alitujia njiani kabla hatujafika ukingoni. Hakujibu salamu ya imamu. Alisema moja kwa moja, kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake:

"Mzee, ile kitu yenu tangu jana inalia. Paa! Tunasikiliza, paa! Nikasema labda kuna mtu ndani anapiga nyundo. Sasa imelala, mayo wee, imelala kabisa."

Ilikuwa imelala kweli. Imekaa chini kando ya matete, maji hadi mdomoni, mlingoti umeinamia upande. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeachia, zimetuna kwenda nje, na misumari imetokeza. Tulipoivuta kidogo tuliona mataruma matano yamevunjika katikati. Gundi yangu tu ndiyo ilikuwa nzima. Ilikuwa bado imekaa pale kati ya mbao, ngumu, haikupata hata ufa.

Kisha nyuma yangu mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha puani, nami sikuhitaji kugeuka kumjua. Nilimgeukia baba.

"Si nilikwambia! Mtundu si mbao! Nilikwambia tangu siku ya kwanza, hukunisikia! Miaka minne umenijazia uwanja kwa kuni, leo umeniaibisha mbele ya watu!"

Imamu alinishika bega. Baba alikuwa amesimama ukingoni, uso wake umeelekea pale mashua ilipo, na sijui alikuwa anaona kiasi gani.

"Kweli, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mbao ilikuwa mbaya. Kosa ni langu."

Pilau tulikula. Watu wamesafiri, chakula kimepikwa, ungefanya nini. Walimpa baba pole, na mimi walinipa pole zaidi, kwa kuwa na mzee mbishi.

Mvua zilipokuja, daktari akawa amesema kweli. Baba akawa anatambua mchana na usiku tu, kisha hata hivyo vikachanganyika. Karakana nilikuwa na hadithi mpya ya kuwachekesha wateja, ya mzee aliyeunda mashua kwa mbao ya kumwagia zege. Niliisimulia vizuri. Niliisimulia mbele yake pia, amekaa mlangoni kwake, naye alikuwa akitabasamu.

Mwezi wa pili nilikwenda kwa dada yangu kupima suruali. Nililiona lile tanga limekunjwa juu ya kabati lake, nikamwambia kwa mzaha akalikate mapazia. Aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani. Dada yangu hunipa shikamoo hadi leo na sote tuna mvi, hajawahi kunijibu neno baya.

"Kaka," alisema, "unajua ile mianya ilikuwa ya nini?"

Akanieleza, akinitazama usoni. Mtundu unavimba ukinywa maji; si kama mninga wako. Mwanya unaachwa makusudi, unashindiliwa pamba iliyolowekwa mawese, na mbao zikivimba zinaibana ile pamba hadi tone lisipite. Ndivyo wanavyofanya Ujiji. Pamba alikwenda kuitafuta mwenyewe akiwa haoni vizuri, akaibeba kutoka Choma. Mawese yalikuwa chini ya kitanda chake. Mimi niliweka jiwe mahali pa pamba, mbao zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikavunja mbavu.

"Mbona hakusema?" niliuliza. "Alirudi Jumanne. Siku nne! Ningekwangua, tungefanya upya."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Alikuja hapa jioni ile ile, amekaa hapo ulipokaa. Nikamwambia, Baba, mwambie akwangue. Akasema hapana. Akasema, mashua hiyo ina siku moja nzuri, labda moja na nusu, kabla mbao hazijanywa. Ikiingia Alhamisi nitapanda Alhamisi hiyo hiyo, inanitosha. Na ikipasuka, ipasuke kukiwa hakuna wageni, kaka yako asiaibike. Ndiyo maana mimi nilileta tanga siku ile."

Nilikuwa nimeshika kipimo chake cha utepe, nakikunja na kukikunjua. Nikamuuliza tena, kwa nini hakusema. Dada yangu alitazama mlangoni kwanza, kama anayehakikisha ana njia ya kutokea.

"Kwa sababu anakaa kwako."

"Maana yake nini, anakaa kwangu?"

"Unakumbuka mwaka ule wa kwanza, alipokwambia mbele ya mteja kwamba mlango wa kabati utashuka? Ulimwambia hapa ni kwangu, mzee, ukitaka kutoa amri rudi Ujiji."

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka, na hadi leo nimejaribu kuitafuta siku hiyo kichwani nisiipate. Nilikumbuka tu kwamba mwaka ule kuna wakati baba alikula chumbani kwake siku tatu, tukadhani ni homa.

Nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, redio ndogo magotini, miguu ameinyoosha juani. Nilikuwa bado mbali, upande wa karakana, nilipoona anavyofanya aliposikia hatua zangu. Alikunja miguu. Akaikusanya chini ya kigoda, akaweka mgongo wima, mkono ukaanza kupapasa redio kutafuta kitufe. Nikajua kwamba hafanyi hivyo leo tu, nimemwona akifanya hivyo kwa miaka na macho yangu mazima.

Nilifika nikasimama mbele yake.

"Baba."

"Nimeshazima, mwanangu," alisema haraka. "Nimeshazima."

Redio yenyewe nilikuwa hata sijaisikia.